Siku Ng'ombe wa Nyanya Aliponyakuliwa

Kitambaa kilikuwa kimefungwa getini.

Rafiki yangu, nimeshtuka mara nyingi maishani, lakini mshtuko wa Jumamosi iliyopita sijui niuweke wapi. Nilikuwa nimetoka Mombasa, begi mkononi, shingo imekakamaa kwa safari. Nilishuka barabarani nikavuka mtaro, nikateremka njia ile ya matope iliyo nje kidogo ya mji wa Njoro, ambayo nyayo zangu zinaijua kuliko macho yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilijiandaa kwa viti vya kukodi uani, kwa shangazi zangu watakaonilaki kwa kilio, kwa kitanda cha nyanya kisicho na mtu. Sikujiandaa kwa kitambaa. Kilikuwa kile chake cha kichwa, chekundu chenye maua meupe, kimefungwa fundo kwenye komeo la geti na kulowa umande. Baina yangu na nyanya kitambaa hicho kilikuwa na maana moja tu: niko hapa karibu, narudi.

Na nyanya alikuwa amefariki tangu Jumatano, katika hospitali mjini Nakuru. Nilisimama pale getini nikashindwa kuingia. Waliofika kabla yangu walikuwa wamepitia njia ya nyuma. Shangazi mmoja alikuja kunipokea, akanyoosha mkono afungue lile fundo apate kulivuta komeo, nami nikapiga kelele iliyowafanya waombolezaji wote wageuke. "Usiguse!" Nikaruka ua kwa sketi yangu ya msibani, mtu mzima mimi, mwalimu wa watu. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nililelewa na nyanya, niliyemwita Cucu kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita nyanya zao. Mama yangu alifanya kazi katika mashamba ya maua kule Naivasha na alikuja mwisho wa mwezi, ananukia waridi na dawa ya kunyunyizia, akalala siku moja na kuondoka kabla sijaamka. Sikuwahi kuamka nikamkuta. Kwa hiyo nilikuwa mtoto wa kuogopa kuachwa hata kabla sijaambiwa na mtu yeyote kwamba kuna kuachwa kukubwa zaidi.

Maisha yenyewe yalikuwa matamu, nisikudanganye. Asubuhi baridi ya Njoro ilikuwa inauma masikio, na nyanya alinipa uji wa wimbi uliochacha kidogo, kikombe cha bati kikiniunguza vidole. Msimu wa mavuno tulisikia mashine kubwa za kuvuna ngano zikinguruma kutwa upande wa pili wa barabara, na vumbi la makapi likatua juu ya nguo zilizoanikwa mpaka tukazianua zikiwasha. Kazi yangu ilikuwa kukata majani ya ng'ombe, kuchota maji, na kupasha maji ya kuoshea matiti ya ng'ombe kabla ya kukamua. Ng'ombe wetu alikuwa mmoja tu, wa madoadoa meusi na meupe, mwenye kiburi cha mke wa chifu. Huyo ndiye aliyenilipia daftari na viatu. Nyanya alimkamua alfajiri na saa kumi jioni, amevaa koti la mvua la manjano na gambuti za marehemu babu, zile buti ndefu za mpira, kubwa mno kwake. Mpaka leo nikisikia maziwa yakipiga chini ya ndoo tupu, halafu sauti ikibadilika ndoo ikianza kujaa, natamani kulia.

Sasa, nyanya alikuwa mtu wa Yesu anarudi. Wengine wameokoka kwa ajili ya kuishi vizuri, wengine kwa ajili ya kwaya. Yeye aliokoka kwa ajili ya kuondoka. Kanisa letu lilikuwa la mabati, familia chache tu za pale kijijini, na mhubiri wetu alikuwa na shuka kubwa lililochorwa yule mnyama wa siku za mwisho mwenye vichwa vingi. Kila mwaka aliliongezea rangi. Jumapili lilipotundikwa ukutani nilikaa nyuma ya mgongo wa nyanya nisione macho ya vile vichwa. Tulifundishwa kwamba siku ya unyakuo itatujia ghafla: walio tayari watapaa kufumba na kufumbua, nguo zao zitabaki zilipokuwa, na watakaoachwa watapigwa namba mwilini, na asiye na namba hataruhusiwa kununua wala kuuza.

Nyumbani nyanya alinifafanulia kwa lugha ya zizini. "Watu wawili watakuwa wanakamua," alisema akiwa amelaza shavu kwenye ubavu wa ng'ombe. "Mmoja anaenda, mwingine anabaki na ndoo." Kisha kila tulipomaliza chakula cha jioni, githeri ya mahindi na maharagwe au ugali na sukuma wiki, aliuliza swali lake lilelile: "Na akikuja leo, atakupata aje?" Mimi nilikuwa nimeshalamba sukari bila ruhusa, nikajua atanipata vibaya. Nililala nimeshika upindo wa nguo yake ili akipaa anipeleke kwa kunivuta.

Ndipo zikaja hereni za ng'ombe. Watu wa ushirika uliokuwa ukinunua maziwa yetu walitangaza kwamba kila ng'ombe lazima atobolewe sikio na kuvalishwa hereni ya plastiki ya manjano yenye namba, ili ijulikane ni wa nani na kama amechanjwa. Asiye na hereni, maziwa yake hayatanunuliwa. Hebu jiweke mahali petu. Namba. Mwilini. Bila hiyo huuzi. Nakuambia kanisa lile lilitetemeka! Hata leo nikilifikiria siwezi kuwacheka sana, kwa maana maneno yalikuwa yamelingana kama kufuli na ufunguo wake.

"Wanaanza na masikio ya ng'ombe," mhubiri alisema Jumapili ile, jasho likimtiririka, "halafu wamalizie na paji la uso yako wewe!" Wazee wakaguna. Nyanya akanishika mkono kwa nguvu. Wakakubaliana, watu wazima wote wale, kwamba hakuna ng'ombe wa mwamini atakayetobolewa. Sisi watoto hatukuelezwa walichopanga.

Wiki iliyofuata nilitoka shuleni kama kawaida, nikarudi mbio kwa sababu njaa ilikuwa inanisokota. Nilipofika uani nikaita. Kimya. Redio ilikuwa inaongea peke yake dirishani. Nikaenda zizini, na nilichokiona huko, rafiki yangu, kilinikausha mate. Ndoo ilikuwa chini, imefika nusu, povu bado juu, na nzi mmoja anaogelea. Nyanya hakuwahi kuacha kukamua katikati hata siku nyoka alipopita. Koti la manjano lilikuwa chini limejikunja. Na mbele ya kigoda gambuti za babu zilikuwa zimesimama wima, mbili pamoja, kama mwenyewe amevutwa kutoka juu.

Kwanza sikulia. Nilitazama juu. Mabati ya zizi yalikuwa mazima, nikashangaa amepitaje. Halafu nikaona kile ambacho sikuwa nimekiona mara ya kwanza. Kamba haikuwepo. Ng'ombe hakuwepo.

Hata ng'ombe alikuwa amenyakuliwa, mimi nikaachwa!

Sijui kama naweza kukueleza uchungu wa jambo hilo. Kuachwa na nyanya ningeweza kuelewa, nyanya alikuwa mtakatifu. Lakini ng'ombe yule! Ng'ombe aliyekuwa akipiga ndoo teke kwa makusudi, aliyekula sketi yangu ya shule ikiwa kambani! Amepatikana tayari, na mimi, kwa ajili ya sukari, hapana. Nikakimbia kwa mzee wa kanisa, jirani wa kwanza. Mlango wazi, hakuna mtu, zizi tupu, mbwa ananitazama kwa huruma. Nikakimbia kwa mwalimu wangu wa Shule ya Jumapili. Githeri inaungua motoni, maji yamekauka, hakuna wa kuipua. Zizi tupu. Nikakimbia kwa mhubiri mwenyewe. Kuku tu. Na kule njiani nikakutana na mwalimu wetu wa hesabu, ambaye sote tulijua alikuwa mlevi, anatembea taratibu na sigara yake. "Unakimbizwa na nani?" akaniuliza. Kumwona yeye yupo ndiko kulikonimaliza kabisa.

Pale njia panda palikuwa na duka la mama mmoja Mwislamu, ambaye familia yake ilitoka pwani zamani ikafuata kazi za reli ikabaki huku. Aliuza sukari, mafuta ya taa na mahamri yaliyonukia iliki mpaka kwenye darasa letu. Niliingia dukani nikaanguka kwenye magunia yake.

"Yalaa! Mwanangu, una nini?"

"Yesu amekuja! Amebeba Cucu na ng'ombe!"

Mama wa duka aliweka mwiko chini. Hakucheka, na kwa hilo nampenda mpaka kesho. Alinikalisha, akanifuta kamasi kwa upande wa leso yake. "Sikiza, mwanangu. Hata sisi twamngoja Nabii Issa ashuke. Akishuka takuwa sina habari? Siku ya Kiyama ina dalili zake. Jua litachomoza magharibi. Haya, toka nje utazame jua liko wapi."

Nikatoka. Nikatazama. Ilikuwa imepita saa kumi na moja jioni. Jua lilikuwa magharibi, limejaa, jekundu, juu ya milima ya Mau.

Nikapiga ukemi uliosikika mpaka stesheni.

"La, la, la! Hilo latua, mwanangu, hilo latua!" Alinikumbatia huku yeye mwenyewe akichungulia mlangoni, na mpaka leo hukana kwamba alichungulia. Alinipa hamri la moto. Nililikataa. Nilimwuliza kama nikilila lazima nipigwe namba kwanza. Hapo akafunga duka kabla ya wakati wake, akanishika mkono tukaenda kwetu.

Tulipofika nyuma ya zizi, mahali ambapo shamba linateremka kwenye korongo, tulisikia sauti. Ukungu wa jioni ulikuwa umeanza kupanda kutoka kule chini, na ndani ya ukungu watu walikuwa wanapanda pia. Nilimwona mzee wa kanisa. Nilimwona mwalimu wa Shule ya Jumapili. Kanisa zima lilikuwa linarudi. Nilitazama katikati yao nikimtafuta Yesu, na nilichokiona ni mhubiri wetu, suruali imekunjwa magotini, anavuta ndama asiyetaka kutembea.

Kumbe kijana wa pikipiki aliyekuwa akikusanya maziwa alikuwa amepaza sauti kijiji kizima kwamba watu wa hereni wanakuja leo. Nao waamini wote, kama walivyopanga, wakaacha kila kitu wakaficha ng'ombe zao korongoni. Nyanya alivua gambuti kwa sababu hawezi kukimbia nazo, na akavua koti kwa sababu rangi ile ya manjano ingeonekana toka barabarani. Watu wa hereni, tukaja kusikia baadaye, hata hawakufika upande wetu.

Nyanya alikuja wa mwisho, miguu mitupu, kisigino kinavuja damu, kamba mkononi. Nilipomwona sikumkimbilia. Niliogopa. Nilisimama nyuma ya leso ya mama wa duka nikamtazama kama mtu aliyefufuka.

"Huyu mtoto alidhani mmepaa," mama wa duka akasema. "Wewe na ng'ombe."

Wote walicheka. Mhubiri alicheka mpaka akaiachia kamba ya ndama. Walicheka kicheko cha watu waliotoka kwenye hofu yao wenyewe, nami siwalaumu. Nyanya peke yake hakucheka. Alinitazama, akatazama gambuti zilizosimama pale zizini, akatazama ndoo, na nikaona jambo linamwingia polepole. Uso wake ulibadilika. Sijawahi kumwona nyanya ameshtuka, si kwa nyoka, si kwa radi, ila siku hiyo.

"Ulidhani nimeenda?" akauliza.

"Cucu, hata ng'ombe ilienda."

Alikaa chini kwenye matope. "Niende aje na wewe uko shule?" alisema, na sauti yake ilikuwa imekasirika, sijui na nani. "Ningemwambia angoje! Ati niende na ng'ombe nikuache? Ningemwambia Bwana, ngoja kidogo, mtoto hajatoka shule."

Mhubiri akaacha kucheka. Alisema kwa upole kwamba Bwana hangojwi na mtu. Nyanya akamjibu bila kugeuka, "Basi wewe tangulia."

Swali lile la baada ya chakula halikuulizwa usiku huo, na halikuulizwa tena. Alichemsha maziwa ya ile nusu ndoo, tukanywa yote bila kuuza. Na kesho yake, alipokwenda kisimani, alivua kitambaa chake cha kichwa akakifunga kwenye komeo la geti. Alinionyesha. "Ukikuta hii hapa, ujue niko hapa hapa duniani. Nimeenda na miguu na narudi na miguu. Usikimbie kwa watu." Toka siku hiyo hakuwahi kutoka bila kukifunga: sokoni, kisimani, hata kanisani nikiwa mgonjwa nimelala ndani. Akienda kichwa wazi, wanawake wenzake walimsema, na yeye alizoea kusemwa.

Ng'ombe naye alivalishwa hereni mwezi uleule. Nyanya alimpeleka mwenyewe, mchana, akipita mbele ya kanisa. "Kama Bwana anaweza kubeba ng'ombe," aliwaambia, "hereni ndio itamshinda?" Alihama kutoka benchi la mbele akakaa la nyuma, lakini hakuacha kanisa wala hakuacha kumngoja Yesu. Aliendelea kumtazamia kila siku ya maisha yake. Alikuwa amemwekea sharti moja tu.

Ukienda kwetu leo huwezi kuamini kwamba naongelea mahali pale. Shamba la ngano limekatwa viploti na kujengwa vyumba vya kupangisha wanafunzi wa chuo, muziki unapigwa mpaka asubuhi. Korongo lililoficha kanisa zima limejaa takataka za plastiki. Zizi limebaki nguzo. Lile kanisa la mabati sasa ni la mawe, lina vipaza sauti na vijana wa gitaa, na shuka la mnyama hakuna anayejua lilikoenda. Nimewauliza vijana kuhusu unyakuo, mmoja akaniambia, "Auntie, hiyo tunaskianga tu." Nilishangaa nilivyoumia. Hofu ile ilinitesa utoto wangu wote, na sasa nilitamani mtu mmoja aione kwenye macho yangu.

Mama wa duka bado yupo. Ni mzee, haoni vizuri, amekabidhi duka kwa mwanawe. Jumamosi hiyo alikuja matangani akiongozwa mkono, akaniomba tukae pembeni, maana yeye ndiye aliyekuwa na nyanya asubuhi ile alipozidiwa. Akanihadithia. Gari lilikuwa limeletwa mpaka getini. Nyanya alikuwa hawezi kusimama, wamembeba vijana wawili, pumzi inakatika, wote wanapiga kelele haraka, haraka. Walipomfikisha getini akashika mbao za geti akakataa kuachia. Akavuta kitambaa kichwani. Vidole vilikuwa havina nguvu, alilifunga fundo mara ya kwanza likafunguka, akalifunga tena, na vijana wakadhani akili zimemruka.

"Nikamwambia, jamani, dada yangu, twende, nyumba haina mtu, wamfungia nani?" Mama wa duka alinishika kifundo cha mkono. "Akanitolea macho. Akaniambia, 'Mtoto akitoka shule atashtuka.'"

Nina miaka karibu arobaini. Nilikuwa Mombasa siku hiyo, mbele ya darasa la watoto wa watu, simu imezimwa.

Tulimzika juzi. Getini hatupiti, tunaingilia upande wa nyuma, shangazi zangu wamechoka kuuliza. Fundo lenyewe limelegea, upepo wowote ungelifungua, na kila asubuhi naamka kabla ya watu wote naenda kuangalia kama bado liko.